Bwana Moshi wa Gongoni

Kila Jumamosi, Levina akimaliza kuosha vyombo na kufagia uwanja, humuaga mama yake kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Na kweli huenda. Huimba kidogo, husingizia kiu, kisha huchepuka mpaka banda la video la kaka Gervasi, pale Gongoni nyuma ya mashine ya kusaga. Hapo husahau alto na soprano zote.

Jumamosi hiyo banda lilijaa mpaka mlangoni. Ilikuwa sehemu ya tatu ya *Mtu wa Radi*. Steringi, shujaa mwenyewe, alipigwa mpaka akatupwa kwenye barafu, na glovu yake ya chuma, ile inayotoa radi, ikamchomoka mkononi. Mwishoni mkono wa mtu asiyeonekana sura ukatokea kwenye ukungu, ukaiokota. Mara majina yakaanza kupanda, na kaka Gervasi akazima.

"Kaka Gervasi, bado!" watoto wakapiga kelele. "Kuna kipande baada ya majina! Wanaonyesha adui anayekuja!"

"Adui atanijia mimi nisipoweka mpira," akajibu Gervasi. "Tokeni, watu wazima wanasubiri."

Nje ubishi ukawaka. Valentino, anayesoma darasa moja na Levina, alishika kiuno kama refa.

"Mimi nasema aliyeokota ni yule daktari aliyepotea sehemu ya kwanza. Mbona hawajatuambia alikwenda wapi?"

"Daktari alikufa!"

"Ulimwona anakufa? Kwenye sinema, kama hujaona maiti, huyo mtu anarudi."

Levina alikuwa bingwa wa kusimulia sinema mtaa mzima. Watoto wasioruhusiwa bandani walimngoja jioni kama wanavyongoja ubwabwa wa harusi. Kusema "sijui" ilikuwa kama kuvua taji. Kwa hiyo uongo ukamtoka wenyewe, kama kwikwi.

"Mimi nimekiona hicho kipande," alisema. "Kwa mama mkubwa, kwenye simu."

Wote wakamsogelea.

Jioni hiyo, uwanjani kwao, akawatungia adui. Alimwita Bwana Moshi. Hana uso, palipo na uso pana wavu mweusi. Amevaa nyeupe kuanzia shingoni mpaka miguuni, na mkononi ana kopo linalotoa moshi. Haji kwa ndege wala roketi. Anakuja kwa miguu kutoka Ujiji, kwa njia ileile ya wapagazi wa zamani, na usiku analala kwenye mashina ya miembe waliyoiacha.

"Anakuja huku Tabora?" aliuliza Jeska, mdogo wake wa miaka mitano, kidole kikiwa mdomoni.

"Njia yake si inapita hapa?"

"Sasa mtu atajificha wapi?"

Levina akatazama huku na huku akitafuta jibu. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na pagale, nyumba isiyomalizwa, na kando ya ukuta wake lilikuwa limelazwa simtanki jeusi, tupu, halijawahi kuonja maji.

"Mle," akasema. "Moshi hauingii kwenye tanki. Ila usitoe sauti hata ukiitwa jina lako. Yeye huigiza sauti za watu."

Watoto wakasogeleana. Ilikuwa hadithi tamu kuliko sinema yenyewe. Wavu na nguo nyeupe Levina hakuvitoa mbali: aliviona likizo iliyopita kule Goweko, vikining'inia ukutani kwa mjomba Ngollo, kaka wa mama yao, ambaye ni mfuga nyuki. Jeska hakwenda Goweko safari hiyo. Alikuwa na surua.

Tangu siku hiyo Jeska alibadilika. Chooni hakwenda bila kushikwa mkono. Mama akichochea jiko la kuni, mtoto alijibanza kabatini. Usiku alijisogeza kwa Levina mpaka akambana ukutani, akitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa.

"Nani amemtisha huyu mtoto?" mama yao, Mama Marcelina kama majirani walivyomwita kwa jina lake mwenyewe, aliuliza huku akisonga ugali. "Levina, wewe hujui?"

Hapo ndipo neno moja lingetosha. Levina alilihisi limekaa kwenye ulimi. Lakini neno hilo lingevuta jingine: umeiona wapi sinema? Na kwaya je?

"Sijui, mama," akasema. Akaona ajabu jinsi "sijui" hii ilivyokuwa nyepesi.

Siku ya shule ilipokwisha katikati ya wiki, Levina alirudi akakuta watu wamesimama mbali na pagale. Kundi la nyuki lilikuwa limetua kwenye dirisha lisilo na fremu, limening'inia kama mkungu wa ndizi mweusi unaopumua. Bahati njema mjomba Ngollo alikuwa ameleta asali mjini, na mama akampigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, binti yangu. Simama hukohuko. Wakali hawa, wametoka safari." Tayari alikuwa ndani ya ovaroli jeupe, kofia ya wavu kichwani, anapuliza bomba lake la moshi mpaka likatoa wingu.

Levina akamtazama. Wavu. Nguo nyeupe. Moshi. Akamgeukia mama yake.

"Mama, Jeska yuko wapi?"

"Si alikuwa hapa na mdoli wake?"

Mdoli alikuwepo. Amelala kifudifudi mavumbini.

Wakaita. Mama akaita kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya kupasuka. Majirani wakaingia vyumbani, wakachungulia chooni, wakakimbilia barabarani. Valentino alikwenda mpaka sokoni. Mtu mmoja akataja reli, na mama akakaa chini ghafla, mikono kichwani.

Levina alisimama palepale. Alijua. Hakuna mwingine duniani aliyejua. Alitazama upande wa pagale, ambako hakuna aliyethubutu kutafuta kwa sababu ya nyuki, na jua la Oktoba lilivyokuwa likichoma lile tanki jeusi. Nalo halikuwa pale lilipokuwa asubuhi. Lilikuwa limebingirika na kugeuka, kama lililosukumwa kutoka ndani, mdomo wake umebanwa na ukuta.

Nyinyi mnaosoma, msidhani ilikuwa rahisi kusema.

"Yuko kwenye tanki!" akapiga ukelele. "Mimi ndiye niliyemwambia! Nilisema kuna Bwana Moshi, nikasema ajifiche mle asiitike! Nilidanganya, mama! Nilikuwa bandani, sikuwa kwaya!"

Mama hakumpiga. Hata hakumtazama. Alianza kukimbia kuelekea kwenye tanki, na mjomba akamdaka mkono.

"Dada, utauawa na nyuki. Niachie mimi."

Mjomba akaenda polepole, akipuliza moshi. Akalisukuma tanki mpaka mdomo ukawa wazi, akainama. Humo ndani ukatoka ukelele ambao Levina ataukumbuka mpaka azeeke. Jeska alikuwa amemwona Bwana Moshi, uso kwa wavu. Akaanza kurusha mateke, akijisukuma mwisho kabisa wa tanki, na tanki likavuma *ndu! ndu!* Kwenye dirisha mkungu mweusi ukaanza kumomonyoka. Nyuki wakajaa hewani.

Mjomba akarudi nyuma upesi. "Simfikii, na kishindo kile kitatumaliza. Levina! Kuna koti na kofia ya akiba kwenye begi. Vaa. Wewe ndiye uliyemtia mle, wewe ndiye atakayekusikia."

Koti lilimfika magotini. Walikwenda pamoja, nyuki wakigonga wavu mbele ya macho yake kama mvua ya changarawe. Mdomoni mwa tanki joto lilimpiga kama mlango wa tanuri. Kule ndani aliona macho mawili tu.

"Jeska, ni mimi. Ni Levina."

"Muongo! Wewe Bwana Moshi! Unaigiza!" Sauti ya mtoto ilikuwa imekatika, imekauka.

Alikuwa amemfundisha vizuri mno. Levina akamgeukia mjomba, mjomba akaelewa, akasogeza bomba karibu na kumfunika kwa moshi. Levina akavua kofia.

"Nitazame. Bwana Moshi hayupo, Jeska. Nilimtunga mimi. Huyu ni mjomba Ngollo, hivi ni vyombo vyake vya nyuki." Nyuki akamchoma mdomoni. Mwingine juu ya jicho. Machozi yakamtoka, lakini hakupunga mkono wala hakupiga kelele. "Nilidanganya. Njoo."

Kisha kiganja kidogo, chenye jasho na moto, kikaushika mkono wake.

Walimfunika Jeska kwa koti wakatoka naye. Alikuwa amelegea, midomo imepauka. Mama alimlaza kivulini, akamlowesha kwa kitambaa na kumnywesha maji kidogo kidogo, akimwita jina kila akimeza, mpaka alipoomba mdoli wake. Hapo ndipo mama alipolia.

Jioni nyuki walikuwa wametulia ndani ya mzinga wa mjomba. Levina alikaa barazani, mdomo umevimba kama andazi, akingoja adhabu.

"Kwaya utaomba radhi mwenyewe," alisema mama. "Na bandani huendi mpaka nitakaposema. Lakini nisikilize, mwanangu. Kutunga hadithi si kosa. Ukitunga, sema nimetunga, watu watakupigia makofi vilevile. Kosa lako ni siku ile nilipokuuliza nikiwa nasonga ugali. Mtoto aliogopa mbele ya macho yako, nawe ukalinda jina lako. Uongo ukikawia hauozi, unakua. Ungeutoa siku ile, ungekuwa neno tu. Leo imebidi tuutoe kwenye tanki."

Levina aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Valentino alikuwa amesimama karibu na ngazi, akijifanya amekuja kuazima ndoo.

"Kwa hiyo," alinong'ona, "aliyeokota glovu ni nani?"

Watoto wengine wakasogea kusikiliza. Levina akavuta pumzi kupitia mdomo wake uliovimba.

"Sijui," akasema. "Sikukiona hicho kipande."

"Mimi namjua," alisema Jeska kutoka mapajani mwa mjomba Ngollo. Alikuwa amevaa ile kofia ya wavu, imemfunika mpaka mabegani, na vidole vyote vimejaa asali. "Bwana Moshi ni mimi. Nipeni glovu yangu."