Theluji ya Bwana Aebi

Ilikuwa saa za magharibi, mwezi wa pili, nilipopanda darini na bakuli la supu ya shayiri. Nilikuwa mtumishi wa nyumba ya wageni kijijini kwetu, huku kwenye milima ya Alpi, na mgeni wa pekee majira yale alikuwa Bwana Aebi, mchoraji.

Alikuwa akichora mlima wetu ukiporomosha theluji. Turubai lilijaza ukuta mzima. Chini kabisa zilikuwapo nyumba zetu, ndogo kama kucha za mtoto.

Chumba kilinuka mafuta ya rangi. Na kitu kingine...

Theluji mbichi.

Nikasogeza taa. Jana theluji ile pichani iliishia msituni. Sasa ilikuwa imefika ukutani mwa zizi la mdogo wangu, Regula.

"Umeiongeza, Bwana?"

"Tangu Jumapili sijashika brashi," alinong'ona bila kugeuka. "Usiiguse."

Nilikuwa nimeshaigusa. Kidole kilirudi kimelowa maji.

Nilikimbia hadi kwa Regula. Akanicheka. "Dada, leo umeonja pombe ya wageni?"

Nikamdanganya kwamba mama ameanguka kwake, ng'ambo ya daraja. Papo hapo akambeba mwanawe. Mumewe, Jost, alikuwa zizini.

"Nendeni," alisema. "Ng'ombe hawajikamui."

Sikumwambia ukweli. Niliona angebisha, na muda ungetupita. Hilo ninalo mpaka leo.

Tulipovuka daraja, upepo ulikatika ghafla.

Kimya...

Kisha mlima ukanguruma.

Jost walimfukua siku ya tatu, mle mle zizini, amelala ubavuni mwa ng'ombe wake. Hakuwa ametoka hata hatua moja. Bwana Aebi tulimkuta amekufa kitini. Jiko lilikuwa likiwaka, na ndevu zake zimeganda barafu. Daktari alisema ni moyo. Ile barafu hakuisemea neno.

Theluji ilipoyeyuka, alikuja bwana mmoja kutoka Basel kuinunua picha. Mimi sikuitazama. Regula, ambaye sasa nilifanya kazi naye pale nyumba ya wageni, alikuwa akifagia mlangoni.

Yule bwana aliinama karibu na turubai, akatabasamu.

"Nimewapenda hawa wadogo hapa darajani. Wanawake wawili, mtoto, na huyu mwanamume anayewakimbilia nyuma."

Ufagio ukasimama.

"Bwana," Regula aliuliza polepole, "amewakaribia kiasi gani?"