Weusi Chini ya Vitufe

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo ndogo ilitoka jikoni alfajiri, kabla hata jogoo wa jirani hajawika. Nilidhani ni panya anatafuna kona ya kabati. Nikavaa kandambili, nikachukua ufagio, nikaenda kwa kunyata. Kumbe panya mwenyewe alikuwa mjukuu wangu! Ameketi kwenye kigoda, beseni la maji ya sabuni miguuni pake, anasugua kitu kidogo kwa waya ya kusugulia masufuria.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Na wewe umeamshwa na nani?"

"Na furaha," akasema.

Nyumbani tunamwita Mchwa. Ni binti wa miaka kumi na miwili, na hajawahi kuona kitu kizima akakiacha. Saa ya ukutani ameifungua. Tochi yangu ameifungua. Siku moja alifungua kitasa cha mlango, tukalala mlango umeegemezwa meza. Hafanyi kwa ukorofi. Anataka tu kujua kuna nini ndani.

Furaha yake ilikuwa na sababu. Kesho yake, Ijumaa, shule ilikuwa na maonyesho ya sayansi. Wanafunzi wawiliwawili walichagua kifaa kimoja na kueleza kilivyobadilika tangu zamani. Wengine walichagua taa, wengine simu. Mchwa na rafiki yake Kasuku, msichana asiyejua kunyamaza, walichagua kile kitu unachoshika mkononi unapocheza gemu kwenye televisheni. Vitabuni kinaitwa kidhibiti. Mtaani watoto wanakiita rimoti ya gemu.

Vifaa tuliazimwa na fundi wa redio na televisheni wa mtaa wa nyuma. Jumatano tulikwenda kwake sisi watatu. Alitufutia benchi kwa shati lake mwenyewe ili tusichafuke, kisha akatandika taulo mezani na kupanga vidhibiti vitano, kutoka kikongwe hadi kitoto.

"Huyu ndiye babu yao," alisema, akinyanyua kiboksi chenye kirungu kimoja cha kuzungusha. "Ukizungusha, kijistari kwenye skrini kinapanda na kushuka. Basi."

"Basi?" Kasuku akashangaa. "Hakuna kuruka? Hakuna kukimbia?"

"Basi! Na watu walisahau kula kwa ajili ya kijistari hicho."

Cha pili kilikuwa na kijiti kilichosimama wima na kitufe kimoja chekundu. Cha tatu kilikuwa bapa kama kipande cha sabuni, na kushoto kwake kulikuwa na msalaba wa kubonyeza: juu, chini, kushoto, kulia. Cha nne kilikuwa na mikono miwili kama pembe, vijiti viwili vya vidole gumba, na ndani yake mota ndogo.

"Mota hiyo imefungwa kichuma kizito upande mmoja," Fundi alieleza. "Ikizunguka inayumba. Ndiyo maana ukigonga ukuta kwenye gemu, mikono yako inatetemeka."

"Lo!" Mchwa akaruka kutoka kwenye benchi. "Kwa hiyo zamani sisi tulikiambia kifaa cha kufanya, halafu siku moja nacho kikaanza kutujibu!"

Fundi alimtazama, akatabasamu kwa muda mrefu. Cha tano hakikuwa na waya kabisa, na kilijua hata ukikiinamisha.

"Hivi vinne ni vya kutazama tu," alisema mwishoni. "Hiki bapa ndicho wageni watakachochezea, pamoja na mashine yake hii. Kishikeni kama yai. Marehemu mke wangu alikuwa ananishinda nacho kila Jumapili, tena ananicheka. Miaka minne sijakifungua wala sijamwazima mtu."

Akakiwasha tuone. Kikafanya kazi vizuri. Akakifunga kwenye kitambaa, akampa Mchwa kwa mikono miwili.

Sasa, alfajiri ile ya Alhamisi, ndicho kilichokuwa kimefunguliwa jikoni kwangu. Mchwa alisema vitufe vilikuwa vinanata kwa uchafu wa miaka, na aliona aibu kumrudishia Fundi kitu kichafu. Alikuwa amepanga skrubu zote kwenye sahani kwa mpangilio mzuri. Mkononi alishika kipande cha mpira laini kinachokaa chini ya vitufe.

"Tazama, Bibi. Chini ya kila kitufe kikubwa kulikuwa na doa jeusi. Gumu hilo! Limenitoa jasho."

Nikakishika kile kipande. Kilikuwa kimetakata.

"Hongera," nikamwambia. "Hivyo ndivyo masizi yanavyosuguliwa. Hukuacha hata chembe."

Watoto wa nyumba hii wote wamejifunza kwangu: cheusi chini ya sufuria ni uchafu, sugua mpaka kitoke. Tulifurahi wote wawili. Akakausha, akakifunga, akaenda shule akiimba.

Alasiri Kasuku alikuja kwetu kufanya mazoezi. Waliunganisha mashine kwenye televisheni. Kajitu ka kuchezea kakatokea kwenye skrini, kamesimama, kanangoja. Mchwa akabonyeza kulia. Kajitu hakakusogea. Akabonyeza juu. Wapi! Akabonyeza kwa nguvu mpaka kucha ikabadilika rangi.

"Labda kamelala," Kasuku akatania. Kisha akaona uso wa mwenzake, utani ukamkauka mdomoni.

Walichomoa, wakachomeka. Wakapuliza. Wakafungua na kufunga tena. Kitufe kidogo cha kuanzishia mchezo, ambacho Mchwa hakukisugua, ndicho pekee kilichoitika.

Mimi nilikuwa barazani nachambua mboga, nikawasikia wananong'ona. Mnong'ono wa Kasuku unafika mtaa wa pili.

"Sikiliza, Mchwa. Usiseme. Kesho tunawaambia watu watazame tu. Jumamosi tunamrudishia Fundi. Akijaribu, kitu chenyewe ni cha zamani. Vitu vya zamani hufa vyenyewe."

"Lakini mimi ndiye niliyekifungua."

"Nani amekuona?"

"Bibi."

"Basi bibi yako hatasema. Wewe ni kipenzi chake!"

Nilikumbuka Fundi alivyokikabidhi kwa mikono miwili. Lakini sikutoka. Nilitaka nimsikie Mchwa. Nikachambua jani moja moja mpaka mboga zikaisha.

Mwishowe alitoka, kidhibiti kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa chake. Macho yalikuwa mekundu.

"Bibi, nimekiua kidhibiti cha mke wa Fundi. Nataka nikamwambie sasa hivi, kabla sijapata akili ya kuogopa."

"Twende," nikasema. "Mimi ndiye niliyekusifu. Aibu hii tutaibeba wawili."

"Watatu," Kasuku akasema nyuma yetu, huku anatafuta viatu vyake. "Maana mimi ndiye niliyesema tudanganye."

Fundi alikuwa ameinama juu ya redio. Mchwa hakungoja kukaribishwa.

"Shikamoo, Fundi. Nilikifungua. Nikaosha mpira wa ndani kwa sabuni, nikasugua madoa meusi kwa waya ya masufuria mpaka yakatoka. Sasa hakifanyi kazi. Vitufe vyote nilivyosugua vimekufa. Nisamehe."

Fundi aliweka chini pasi yake ya kulehemu. Alikipokea kile kitambaa, akakaa nacho mapajani, akakitazama kana kwamba anatazama picha. Nilitamani nimsemee mtoto, lakini nikajizuia.

"Umesema ulisugua madoa tu?" akauliza taratibu. "Hukugusa bodi? Hukugusa waya?"

"Sikugusa. Vitufe sita nilisugua. Viwili vidogo vya katikati vina mpira wao, sikuvisugua, na kile cha kuanzishia bado kinafanya kazi."

Pale nikaona uso wa Fundi unabadilika. Akavuta taa karibu. Akafungua skrubu harakaharaka.

"Njooni! Njooni mwone!"

Tukaweka vichwa vyetu pamoja juu ya meza. Alituonyesha bodi, kibao cha kijani chenye njia za umeme. Chini ya kila kitufe kulikuwa na mistari miwili iliyokaribiana sana bila kugusana.

"Umeme unafika hapa unakwama, kama mtu aliyefika mtoni hakuna daraja. Lile doa jeusi ni aina ya kaboni, inapitisha umeme. Ukibonyeza, doa linashuka, linakuwa daraja, umeme unavuka, kajitu kanaruka. Wewe, binti yangu, umesugua madaraja sita!"

"Mungu wangu," nikasema. "Na mimi nikampa hongera."

Fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Kicheko hicho kilituondolea mzigo mzito. Kisha akamgeukia Mchwa.

"Unajua ungenirudishia kimya kimya ningefanya nini? Ningedhani bodi imekufa. Ningewasha pasi hii ya moto, nianze kutafuta ubovu mahali usipokuwepo. Bodi ya zamani kama hii ingeungua mikononi mwangu. Hapo ndipo kingekufa kweli."

Kasuku akasogea nyuma ya mgongo wangu.

Kazi ikaanza. Kwanza Fundi alimpa Mchwa penseli laini.

"Risasi ya penseli nayo hupitisha umeme. Paka pale palipokuwa na doa."

Mchwa akapaka. Tukafunga, tukawasha. Kajitu kakaruka! Tukapiga kelele sote, mpaka mpita njia akachungulia dirishani. Kakaruka mara ya pili. Mara ya tatu kakagoma.

"Penseli imefutika," Mchwa akasema. Lakini safari hii hakulia. Aliuma mdomo, akawaza. "Tunahitaji kitu kinachopitisha umeme, chembamba, kisichofutika. Fundi, ile karatasi ya kung'aa ndani ya pakiti ya majani ya chai ni chuma?"

"Ikiwa ni ya bati jembamba, naam. Nyingine ni plastiki yenye rangi tu. Pima."

Akatoa pakiti ya chai rafuni, akamwonyesha jinsi ya kushika kipimo cha umeme, waya mmoja huku na mwingine kule. Kipimo kikalia piii! Kasuku akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akatumwa kwa mwenye duka jirani kuomba mashine ya kutobolea karatasi, ile yenye kutoa viduara vidogo. Akarudi nayo mbio, pamoja na salamu, na habari za mtaa mzima. Wakatoboa viduara sita. Mchwa akavigandisha kimoja kimoja kwa tone dogo la gundi upande wa mpira, kwa kibanio, pumzi ameizuia. Fundi angeweza kufanya kazi ile kwa dakika tano. Aliweka mikono yake mgongoni na kumwachia mtoto.

Tulingoja gundi ikauke. Fundi akawasha.

Kulia, kakakimbia. Juu, kakaruka. Mara kumi. Mara ishirini. Mara hamsini, Kasuku akihesabu kwa sauti ya mnada.

"Bibi, jaribu!"

Nilijaribu. Nilikimbia vizuri nikatumbukia shimoni. Nikajaribu tena, nikatumbukia shimo lilelile.

"Bibi, bonyeza ndipo uruke!"

"Ninaruka!"

"Unaruka wewe kwenye benchi, kajitu hakaruki!"

Ijumaa, ukumbi wa shule ulijaa. Meza ya Mchwa na Kasuku ilikuwa na foleni ndefu kuliko zote. Kasuku alieleza kirungu, kijiti, msalaba, mota na kile kisicho na waya, na safari hii maneno yake mengi yalipata kazi ya kufanya. Mchwa alikuwa amechora kwenye bango mkono mmoja mkubwa, na kuandika chini yake: "Mkono haukubadilika. Kila mwaka tulitafuta njia bora ya kuusikiliza." Watoto walicheza wakapokezana, na viduara vya pakiti ya chai havikugoma hata kimoja.

Mwalimu wa sayansi alitazama mchoro wa ndani ya kidhibiti. "Mbona hapa mmechora karatasi ya kung'aa? Hivi ndivyo kilivyotengenezwa kiwandani?"

Mchwa angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Lakini akanyoosha mgongo.

"Hapana, Mwalimu. Kiwandani kilikuwa na kaboni. Niliisugua nikidhani ni uchafu. Nikaharibu. Kisha Fundi akatufundisha kutengeneza."

Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko kizuri, kisha wakapiga makofi. Mwalimu akaomba kidhibiti kifunguliwe kila mtu aone. Watoto wakasukumana kutazama madaraja sita ya kung'aa.

Fundi alikuwa amesimama nyuma, amevaa shati lililopigwa pasi. Mwalimu alimwita mbele aseme machache. Alikuna kichwa kwanza.

"Mimi si msemaji," akasema. "Lakini nimetengeneza vitu miaka thelathini. Kila anayeleta kitu kibovu huniambia, 'Sijui, kimekufa chenyewe.' Nami natafuta siku nzima. Mtoto huyu alikuja akaniambia alichofanya, na kwa nini, na wapi alipoishia. Ukweli wake ulinionyesha mahali pa kushika. Watoto wangu, kosa likisemwa mapema, nusu ya matengenezo imekwisha. Na kabla hujasugua kitu usichokijua, uliza kwanza kinafanya kazi gani."

Niliinamisha kichwa, maana maneno ya mwisho yalikuwa yangu pia.

Maonyesho yalipokwisha tulimsaidia kubeba vifaa mpaka kwake. Mchwa alivipanga kwenye rafu kimoja kimoja, akavifunika kwa taulo. Fundi alitutazama tukikusanya viatu vyetu mlangoni. Banda lilikuwa limetulia ghafla baada ya kelele zote zile.

"Kesho Jumamosi nipo tangu asubuhi," akasema. "Mje tena. Mje hata kama hakuna kilichoharibika."