Karibuni na Kwetu

Jioni ile ya Novemba 2013 nilitaka maziwa tu. Maziwa ya chai! Nikashika kitasa cha mlango wa fleti yetu, ghorofa ya kumi na saba, St. James Town, hapa Toronto. Hakizunguki.

"Amirali, umefunga mlango?"

"Sijaugusa," mume wangu akajibu kutoka sebuleni.

Kisha nikasikia harufu... vumbi la jua kali. Na nje theluji inaanguka.

Simu, kimya. Bomba likakohoa, likatoa mchanga.

Hapo nikakumbuka. Wiki iliyotangulia tulisafiri ng'ambo kutalii magofu ya ngome, juu ya mlima jangwani. Kiongozi wa watalii alitusimulia jinsi watu walivyozingirwa humo mpaka wakafa kwa kiu. Wenzetu wakapiga picha. Mimi, mtoto wa Tanga, mdomo wangu hauna breki. Tulipoondoka niliziaga zile kuta kama ninavyoaga nyumba yoyote: "Haya, asanteni. Karibuni na kwetu Toronto!"

Amirali alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa hacheki.

Miguu mitupu ikaburuzika kwenye zulia. Mingi. Makochi yakabonyea, moja baada ya jingine. Hakuna mtu.

"Wamekuja," nikanong'ona.

"Wafukuze!"

"Mgeni nimemwalika mwenyewe, nimfukuze vipi?"

Nikawatolea maji yote ya kwenye friji. Chupa zikakauka nikizitazama. Amirali ana moyo mbovu, na midomo yake ilishaanza kupasuka. Niliogopa, wallahi. Nikaona atanifia pale pale.

"Tuliwakaribisha," akasema taratibu. "Basi wasindikizwe."

"Nitakwenda mimi. Mimi ndiye niliyewaita!"

"Na magoti hayo? Mpaka kwenye lifti tu, mama." Akavaa kofia, akachukua bakora. "Haya jamani, twendeni."

Kitasa kikazunguka chenyewe. Miguu ikamfuata. Mlango ukajifunga.

Polisi walinionyesha picha za kamera. Amirali anaingia kwenye lifti, anasogea kupisha watu wasioonekana. Chini lifti inafunguka tupu.

Tangu siku hiyo, kila jioni, mlango hugongwa.

"Hodi, Shahnaz."

Ni sauti yake. Lakini ufunguo anao mfukoni, kwa nini abishe hodi?

Nampenda Amirali wangu. Nina hamu naye mpaka naumwa. Ila sijawahi kuitikia "karibu".

Jana akaongeza neno, kwa sauti iliyokauka.

"Maji, mama. Tone tu..."

Nilisimama nyuma ya mlango mpaka asubuhi, glasi imejaa mkononi.