Samaki Mikononi mwa Sihaba

Stendi ya Kibiti haimwonei mtu haya. Wauza korosho wanakupigia kelele masikioni, wapiga debe wanakuvuta mkono kama mna undugu. Katikati ya vurugu hizo alisimama Sihaba, dera la zambarau na ushungi mweupe, akisubiri robota lake la vitambaa kutoka Dar. Mara mwanamume mrefu, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akamtia mkononi mfuko wa nailoni uliojaa maji.

"Dada, nishikie hawa. Tafadhali usiwatikise."

Kabla Sihaba hajajibu, yule bwana alikwishainama kwenye buti la basi, anagombana na utingo juu ya tangi la kioo. Ndani ya mfuko walikuwamo samaki sita wekundu, mapezi yao yanapepea kama shela.

"Hawa hata wa kukaanga hawatoshi," Sihaba alisema alipomrudia.

"Si wa kukaanga. Wa kutazama."

"Mtu mzima na akili zake anatazama samaki!"

"Ungekaa Mbwera peke yako kama mimi, dada yangu, ungetazama hata ukuta."

Alikuwa Swalehe, muuguzi wa zahanati huko visiwani, kwenye delta ya Rufiji. Alicheka, lakini macho hayakucheka, na Sihaba aliyaona. Mpweke humjua mpweke mwenzake hata sokoni.

Simu yake ikalia. Nahodha wa boti ya Nyamisati alisema bahari imechafuka, na kioo hapakii, kikipasuka kitawakata abiria. Swalehe akabaki kasimama na tangi lake kama mtu aliyefiwa. Ndipo Sihaba, fundi cherehani anayeishi peke yake nyuma ya soko, akasema neno ambalo hakulipanga:

"Waache kwangu, bahari ikitulia utawafuata."

Bahari ilitulia, tangi halikuondoka. Tuseme kweli, hakuna aliyetaka liondoke. Swalehe alikuja kila alipopata ruhusa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, wakakaa barazani na majirani wakiwaona, wakanywa chai ya tangawizi. Siku nyingine alipiga simu jioni, amesimama nyuma ya zahanati mahali mtandao unaposhika.

"Laazizi, watoto wetu hawajambo?"

"Wanamuulizia baba yao. Yule mnene kanuna kabisa."

"Mwambie nakuja. Na mama yao je?"

"Mama yao ana sare za shule nzima za kushona."

"Mama yao anajifanya hana hamu."

"Mama yao anaona haya, mwache!"

Walicheka. Lakini kila Swalehe alipotamka "watoto wetu," kitu kilimchoma Sihaba kifuani. Kwao Ruaruke alikuwa ameolewa, akazika vichanga viwili, na mama mkwe akasema mbele ya watu msibani: "Mkono wa huyu haulei kitu. Ana nuksi." Talaka ikafuata. Sihaba alihamia Kibiti na cherehani yake, lakini lile neno nalo lilihama naye. Swalehe hakuwa ameambiwa. Sihaba alikuwa akijipa moyo kimyakimya: samaki hawa wakiishi, basi nami nitamwambia.

Masika yakaingia, maji ya bomba yakaanza kutoka ya rangi ya chai. Swalehe alipenda simu za video, na Sihaba alitaka awaone watoto wake vizuri. Akafanya kama wanavyofanya kwao na maji ya bwawa: akalizungusha jiwe la shabu ndooni, tope likazama, maji yakang'aa. Alisafisha tangi lote, akasugua hata vijiwe.

Kesho yake asubuhi samaki mmoja alikuwa akielea, tumbo juu.

Alikilaumu chakula, akakipunguza. Akafa wa pili. Alilaumu jua la dirishani, akalisogeza tangi ukutani. Alilaumu umeme unaokatika na kuizima mashine ya hewa, akawa anayavuruga maji kwa upawa. Akamlaumu hata jirani yake Mwajabu, aliyewasifia samaki bila kusema mashallah. Muuza samaki wa Dar alimwambia kwenye simu, "Badilisha maji, dada, kidogo kidogo." Sihaba si mtu wa kidogo kidogo. Alibadilisha yote, tena na tena, na kila mara shabu. Wale waliobaki walipanda juu kutafuta hewa, midomo inafunguka na kufumba kama wanataka kumwambia kitu.

Wa mwisho alikuwa yule mnene. Alimzika chini ya mpapai, kwa kijiko.

"Watoto wetu hawajambo?" Swalehe aliuliza jioni ile.

"Hawajambo."

"Washa video basi niwaone."

"Bando limekwisha."

Bando liliendelea kwisha. Siku moja Swalehe alisikia simuni sauti ya kiume nyuma ya Sihaba.

"Ni nani huyo?"

"Mteja. Nampima kanzu."

"Magharibi hii?"

"Kwani magharibi watu hawavai kanzu?"

"Sihaba, washa video."

"Siwashi."

"Kuna kitu unanificha."

Kipo, Sihaba alitaka kusema. Watoto wako wamekufa wote mkononi mwangu. Badala yake ulimi ukamponyoka: "Kama huniamini, usinipigie."

Basi naye hakupiga. Wanaume wa Rufiji nao wana kiburi chao. Sihaba alikaa na cherehani, akishona nguo za harusi za watu, na akazoea tena kula bila kusema na mtu. Tangi hakulimwaga. Alizidi kulibadilisha maji na kuyatia shabu, tupu vile vile, kwa sababu ile sauti ya mashine ya hewa ilikuwa sauti pekee nyumbani mle isiyokuwa yake.

Swalehe alirudi baada ya Idi, mchana, bila taarifa. Alivaa shati jipya, amekonda.

"Nimekuja kuchukua tangi," alisema kwa adabu ya mtu baki. "Samahani kwa usumbufu."

"Karibu ndani."

Alilitazama lile tangi. Maji meupe pe, hakuna kiumbe.

"Wako wapi?"

"Wamekufa. Tangu masika. Wote." Sihaba hakumtazama. "Nilikuwa nakudanganya. Hapakuwa na mwanamume, Swalehe. Palikuwa na mizoga." Halafu, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza tena, akamwambia yote: Ruaruke, vichanga, mama mkwe, mkono.

 Swalehe alichovya kidole kwenye maji, akakitia mdomoni. Uso ukamkunjamana.

"Yana ukakasi. Umetia nini humu?"

"Shabu. Yalikuwa na tope."

"Lo, Sihaba!" Alikaa kitini. "Shabu ni kwa maji ya kunywa watu. Kule Mbwera vidagaa vikiingia kwenye ndoo yenye shabu nyingi vinaelea vyote. Inawakaza mashavu wanayovutia hewa, hawapumui. Tope lisingewafanya kitu. Ni shabu, si mkono wako."

"Si mkono wangu?"

"Mkono wako una nini? Na wale vichanga walikuwa na homa, au nini? Watoto wanakufa, mama. Mimi nawaona. Hakuna mkono wa mtu pale."

Sihaba alicheka kidogo, kisha akaketi sakafuni. Miaka yote ile alikuwa amebeba mzigo usio wake.

"Ungeniambia," Swalehe alisema. "Ungeniambia siku ile ile."

Ndipo akatoa lake. Wajomba zake wa Ikwiriri walimposea binti, Nasra. Mahari imepokelewa. Harusi mwezi ujao.

"Nitaivunja," alisema. "Leo hii nawapigia."

Ee Mola, Sihaba alivyotaka kusema ndiyo! Mwili wake wote ulisema ndiyo. Alimwangalia mwanamume ambaye alikuwa akimsubiri bila yeye mwenyewe kujua, akaona chai ya barazani, simu za jioni, mtu wa kumwuliza umekula.

"Nasra anajua kosa lake?"

"Hana kosa."

"Mahari ikirudishwa, watu wa Ikwiriri watasemaje?"

 Wote wawili walijua. Watasema Nasra ana kitu. Watasema nuksi.

"Mimi nimeibeba hiyo, Swalehe. Simtwishi mwingine ili nipate mume."

"Basi uwe wa pili. Dini inaruhusu."

"Inaruhusu. Lakini mimi sitaki kipande chako." Alisimama, akamfutia vumbi begani, mara moja tu. "Nenda. Kamlee vizuri."

Alimsaidia kumwaga maji, wakalibeba tangi hadi kwenye bajaji, huku na huku, bila kutazamana. Bajaji ikaondoka kuelekea njia ya Nyamisati.

Mwajabu alikuwa mlangoni kwake, anapepeta mchele. "Shoga, kumbe samaki walikufa? Waliuawa na nini?"

"Shabu," Sihaba alijibu.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiye na kosa na asiye na mtu.