Vitabu Ndani ya Pumba

Kila siku masomo yalipokwisha, Ornella alivua sare, akala ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kisha akajitwika sinia la karanga kwenda kivukoni Alunguli. Hapo mitumbwi ilishusha watu waliotoka ng'ambo ya mto Lualaba, upande wa stesheni ya treni. Mtu anayesubiri mtumbwi hapendi kukaa na mdomo mtupu, na Ornella, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye ulimi mwepesi, alilijua hilo vizuri.

"Karanga ya moto! Papa, mutumbwi haitakuja sasa hivi, kula kwanza!"

Karanga zilikaangwa na nyanya yake, Joséphine, ambaye mtaa mzima ulimwita Koko. Ornella alizifunga kwenye karatasi alizozisokota kama pembe. Karatasi zilitoka kwenye madaftari yaliyokwisha, na wachuuzi wote walizinunua kwa Kambale, mwenye duka aliyetoka Butembo.

Nyumba ya Koko ilikuwa na vyumba vitatu, na kimoja kilikaliwa na vitabu tu. Wala havikuwa hadithi za watoto. Vilikuwa vitabu vinene vya wasomi, vingi vya Kifaransa: historia, falsafa, sheria na mila, uchumi, uendeshaji wa biashara. Ornella alivikuta tangu kuzaliwa, na hakuvipenda hata kidogo. Yeye alilala chumba kimoja na Koko anayekoroma, huku vitabu visivyokoroma vikiwa na chumba chao peke yao! Hiyo ilikuwa haki gani?

Mjomba wake Roger alikuwa na malalamiko yake pia. Alikuwa mfanyabiashara wa simenti, na Jumapili moja alikuja na neno moja tu mdomoni.

"Mama, nataka kile chumba. Simenti yangu inalowa."

"Hapana," alijibu Koko, akiendelea kuchambua karanga.

"Tangu vita iishe, nani amekuja kusoma? Nionyeshe muntu mumoja tu! Kama hayuko, siku ya posho Kambale atakuja kuchukua ile makaratasi yote, atauzia wachuuzi."

Siku ya posho ni Jumamosi. Koko hakuwa mtu wa kutishwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Alisimama, akamtazama Roger usoni.

"Musomaji mumoja? Nitakuonyesha. Asipokuja, Kambale achukue. Na akija, sitaki kusikia tena habari ya simenti mupaka nife."

Basi Jumatatu Koko alivaa kitenge chake kizuri akaenda shule hadi shule. Walimu walivisifu vitabu vile, wakasema ni vigumu mno kwa wanafunzi wao, wakarudi kwenye kazi zao.

Siku hiyohiyo Ornella aliishiwa karatasi. Duka la Kambale lilikuwa mbali kidogo, na jua lilikuwa kali. Rafiki yake Naomie, aliyeuza ndizi kando yake, alicheka.

"Weye iko na chumba muzima ya karatasi, unalia nini?"

Ornella alifikiri: kwani Jumamosi si vitafungiwa karanga vyote? Alikimbia nyumbani, akafungua kitabu kimoja kinene, akapasua kurasa za katikati ili jalada lionekane zima. Uvivu una akili zake. Karatasi zilikuwa nyeupe, imara, na karanga zikaisha mapema.

Kesho yake dada mmoja mrefu, mwenye mkoba wa chuo begani, alikuja mbio kivukoni. Jina lake Jeanine, mwanafunzi wa historia. Alishika karatasi yenye madoa ya mafuta.

"Mutoto, karanga hii nilinunua kwako jana?"

"Ndiyo, yaya," alijibu Ornella, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Ilikuwa mbaya?"

"Karanga ilikuwa nzuri. Lakini soma hapa! Wanaeleza namna wapagazi wa Maniema walikataa kubeba mizigo, wakakaa chini njiani, tena pamoja. Ninaandika juu ya watu hao kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo, na kitabu hiki sijakiona popote. Halafu ukurasa unakatika katikati ya sentensi! Iko wapi ingine?"

Ornella alihisi masikio yakimwaka. Akisema kweli, Koko angejua. Koko aliyekuwa mpole kwa mbuzi na majirani hakuwahi kuwa mpole kwa mtu aliyegusa vitabu vyake kwa mikono michafu, sembuse kuvipasua.

"Sijui, yaya," alisema. "Nilinunua makaratasi sokoni."

"Soko gani?"

"Ile kubwa. Ng'ambo."

Jeanine akashukuru, akapanda mtumbwi kwenda kutafuta huko ng'ambo. Ornella alimwona Jumatano na Alhamisi akivuka tena na kurudi, mkono mtupu, vumbi miguuni. Kila mara Jeanine alimpungia mkono, na kila mara Ornella alijifanya anahesabu karanga.

Alhamisi jioni Koko alikuwa akikaanga jikoni, uso umemlegea kwa uchovu wa wiki nzima.

"Mujomba wako amesahau," alisema. "Alikuwa mutoto wakati wa vita. Babu yako Isidore alikuwa mwalimu, na vitabu vilikuwa mikononi mwake pale shuleni. Askari wakaingia shuleni, wakapikia madawati. Vitabu wakaanza kuvutia tumbaku. Mji ulizungukwa, treni haikuja, mashambani hatukuweza kufika. Babu yako alikuwa kitandani na homa. Njo miye, mimi mwenyewe, nilibeba."

"Ulibebaje, Koko?"

"Kwa beseni. Vitabu chini, sombe juu. Kila siku kidogo kidogo, nikapita mbele ya kizuizi chao. Nyumbani nikavitia ndani ya magunia ya pumba za mpunga. Nani anaiba pumba? Siku moja wakaja kutafuta mchele. Mmoja akachoma gunia kwa kisu cha bunduki, pumba zikamwagika. Akacheka: 'Mama, munakula pumba siku hizi?' Nikamwambia: 'Tutakula nini? Muchele si mulimaliza ninyi?' Akanipiga kofi. Nikabaki nimesimama. Lakini hawakupata hata ukurasa mumoja."

Ornella aliona aibu. Alitaka kusema kweli, lakini akachukua sinia akaenda kuliosha. Siku hiyo alilala bila kusikia kukoroma kwa Koko, kwa maana Koko naye hakulala.

Jumamosi asubuhi Roger alifika na Kambale na mkokoteni. Hakuna msomaji aliyekuwa amekuja. Koko alikaa kwenye kiti chake uani, mgongo wima, midomo imebana. Aliahidi, na hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, hata ahadi iliyomvunja yeye.

Roger alipofika kwenye chumba cha vitabu, alimkuta Ornella ameketi mlangoni, miguu ameikaza kwenye fremu huku na huku.

"Toka hapo."

"Sitoki. Na vitabu havitoki."

"Nimesema toka!"

"Hata ukinipiga kofi sitoki! Musomaji iko. Njo miye nilimuficha!" Ornella aligeuka kumtazama Koko, machozi yakimtiririka, lakini sauti haikushuka. "Koko, nilipasua kitabu nikafungia karanga. Yaya mumoja wa chuo alisoma karatasi, akatafuta kitabu. Jumanne nikamudanganya. Anazunguka sokoni bure wiki nzima."

Roger akacheka.

"Mwongo wa Jumanne amekuwa shahidi wa Jumamosi? Sikuamini."

"Muache amulete," alisema Koko taratibu. "Kambale, kaa ungojee."

Ornella alichomoka mbio hadi kivukoni. Jeanine alikuwa mguu mmoja ndani ya mtumbwi, mmoja nje. Ornella alimweleza yote hapohapo mbele ya abiria, na Naomie akasikia, na wapiga makasia wakasikia. Jeanine alikunja uso kwa hasira. Kisha akauliza jambo moja tu: "Kitabu chenyewe iko wapi?"

Walipofika nyumbani, Jeanine alitoa ukurasa wake wenye mafuta, akauweka kwenye kitabu kilichopasuliwa. Kingo zikakutana sawasawa. Akaketi sakafuni akaanza kusoma, hata kusalimu wakubwa akasahau. Koko alimtazama, akamgeukia Roger.

"Umesema muntu mumoja. Huyu hapa."

"Wawili," alisema Kambale.

Wote waligeuka. Katika kungoja, Kambale alikuwa amefungua kitabu cha uendeshaji wa biashara, na kidole chake kilikuwa tayari mbali ndani ya sura ya pili.

"Roger, sikiliza. Wanasema bidhaa inayokaa bila kuuzwa si mali, ni mzigo. Rafiki yangu, simenti yako haiombi chumba, inaomba wanunuzi! Mama, mimi sifungii sukari akili ya namna hii. Niruhusu nije kusoma nikifunga duka."

Mkokoteni ulirudi mtupu, Roger nyuma yake.

Koko hakumpiga Ornella. Alimpa kazi. Wiki yote iliyofuata mtoto alizunguka kivukoni akiomba kurasa kwa wateja wake, akichekwa na Naomie, akirudi tena kesho yake. Alipata chache. Nyingine ziliwashiwa moto, nyingine zilikwenda na maji ya Lualaba. Zilizopatikana alizibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, na pengo likabaki katikati ya kitabu.

"Pengo hili ni lako," Koko alimwambia. "Kila atakayekisoma kitabu hiki na kuuliza, wewe utamwambia nani alipasua na kwa nini. Si Jeanine, si mimi. Wewe."

"Watanicheka, Koko."

"Wacheke. Mimi nilipigwa kofi nikabaki nimesimama." Koko alimvuta karibu, akamfuta unga shavuni. "Sikia, mwanangu. Mwizi wa nje nilimjua, nikamfichia vitabu ndani ya pumba. Mwizi wa ndani ya nyumba sikuwa na gunia la kumfichia. Jumamosi ile wewe mwenyewe ulimtoa nje, mbele ya watu wote. Kukataa kunyang'anywa ni ushujaa, lakini kukubali kosa lako kunahitaji ushujaa mkubwa kuliko huo. Umeona? Uongo wako ulificha msomaji, na ukweli wako ukatuletea wawili."

Mlango uligongwa. Kijana mwenye mkoba wa chuo, rafiki yake Jeanine, aliomba kitabu cha wapagazi. Ornella alikileta kwa mikono miwili, akanyanyua kidevu chake, na kabla hajaulizwa akasema: "Katikati kuna kurasa hazipo. Njo miye nilipasua. Kaa, nitakueleza."