Aliyelia Nyuma ya Vihenge

Jioni ile nilikwenda kuchota maji, basi. Kiangazi mto wetu wa Ipagala huwa mchanga mtupu. Unachimba shimo kwa mikono, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Ni kazi ya mtu asiye na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko wote bondeni pale, kwa sababu jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu.

"Zipora, unakimbilia wapi?" Dorkasi akaniuliza. Alikuwa jirani yangu, tembe yake na yetu zilitenganishwa na zizi la mbuzi tu. "Kila siku jua likishuka wewe mbio. Una mtoto mchanga huko ndani tusiyemjua?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka. Miaka sita ya ndoa bila mtoto, na bado nikacheka.

"Mume wangu hapendi chakula kichelewe," nikasema.

"Hee! Huyo Kefa wako anakuendesha kwelikweli."

Nikajitwika mtungi ukiwa nusu. Aibu yangu nitawasimulia yote kama ilivyokuwa, ila msinikatize. Mkinikatiza nitanyamaza, nami nimenyamaza miaka ya kutosha.

Nilipofika nyumbani alikuwa ameshaanza.

Nilimsikia kabla sijautua mtungi. Kilio chembamba, cha kwikwi, kikitoka chumba cha ndani, nyuma ya vihenge vya uwele. Kilio cha mtoto wa miaka mitatu, minne hivi. Lakini mle ndani hamkuwa na mtoto. Alikuwamo mume wangu, Kefa, mwanamume wa mabega mapana aliyeweza kumwangusha dume la ng'ombe peke yake.

Ilianza aliporudi kutoka kwenye reli. Ilikuwa enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha kupita Dodoma ikawa inaelekea magharibi. Majumbe walitakiwa kutoa watu, na jumbe wetu akamtoa Kefa. Kundi lake likapelekwa mbele ya Kigwe kupasua mwamba kwa baruti. Jioni moja baruti ikalipuka kabla ya wakati wake, mlima ukawaangukia. Kefa alikaa chini ya kifusi usiku kucha, na kesho yake mpaka saa sita ya mchana, amebanwa katikati ya wenzake wawili. Mwanzoni wote wawili walikuwa wakiongea naye... kisha akabaki mmoja... kisha kimya.

Alinieleza habari hiyo mara moja tu. "Nilimwita mama, Zipora," akaniambia. "Mtu mzima mimi, nikamwita mama."

Na mama yake hakuwahi kumwona tena. Mama huyo alikufa wakati Kefa bado yuko huko relini, mimi ndiye niliyemzika.

Mchana Kefa alikuwa Kefa. Alilima, alichunga, alikaa na wanaume wenzake, na akisema neno watu walimsikiliza. Lakini jua likigusa vilima tu, uso wake unalegea. Anaingia nyuma ya vihenge, anajikunja, anatia kidole gumba mdomoni. Akinitazama, ananitazama kama mtu asiyejua kwamba ana mke. Na mimi, niseme wazi, saa ile sikumwona kama mume. Nilikuwa mlezi wake, basi. Nilimkorogea uji, nikaupoza, nikamnywesha. Nilimfuta kamasi. Nilimwimbia kipande cha wimbo nilichokuwa nikimsikia mama yake akiimba. Hulala taratibu, na alfajiri huamka mwanamume, ananisalimu "Mbukwa" huku akitazama chini, nami naitikia, tunaanza siku. Hatukulizungumza. Mara moja tu alinishika mkono.

"Nakuomba usiwaambie watu. Wakijua, sitakaa tena na wanaume."

Nikaapa.

Kulikuwa na jioni nilimchukia. Nilimlisha huku moyoni nikisema, mimi niliolewa na nani, jamani? Na kulikuwa na jioni nyingine niliona jua linachelewa kuzama, kwa sababu hakuna mtoto mwingine aliyewahi kunikumbatia shingo. Sijui lipi ni la aibu zaidi. Yote mawili yalikuwa yangu.

Sasa kosa langu.

Wakati ule kwetu mtoto alibebwa mgongoni kwa ngozi ya mbuzi, imepakwa mafuta ya nyonyo mpaka inalainika. Mwanamke akifa, ngozi aliyobebea wanawe inazikwa naye, anafunikwa nayo miguu. Kazi hiyo ni ya mke wa mwanawe. Basi mama mkwe alipokufa nikaishika ile ngozi, nikaitazama. Nzuri, haina hata tundu. Nilikuwa nimeshabatizwa, nimejifunza herufi mbili tatu kwa wamisheni, nikajiona mjanja. Nikasema moyoni, mambo ya kizamani haya, na mimi siku moja nitapata wangu wa kubeba. Nikamfunika na ngozi kuukuu ya kulalia. Hakuna aliyeona.

Kefa alipoanza kulia jioni, nilimfunika ile ngozi siku moja kwa sababu ya baridi. Akainusa. Akanyamaza palepale. Kumbe! Tangu siku hiyo ikawa dawa yangu. Namzungushia mgongoni, ncha zake nafunga begani kwangu, tunakaa hivyo tumeegemea ukuta mpaka alale.

Jioni ile ya mtungi nusu nilimfunga ngozi kama kawaida.

Hakunyamaza.

"Mama," akalia.

"Nipo, baba, nipo."

"Si wewe."

Nikalikaza fundo begani.

"Si wewe... Yule."

Akanyoosha kidole kwenye mlango. Mlango ulikuwa umefungwa, fito na kamba, kama siku zote. Mwanga mwekundu ulikuwa ukipenya kwenye nyufa. Kisha mwanga huo ukazibika. Ufa wa chini. Ufa wa juu yake. Kuna mtu alikuwa anasimama taratibu nje ya mlango wetu.

Mbuzi zizini wakanyamaza wote kwa pamoja.

Ikaja harufu. Udongo mbichi, kama mvua imenyesha, na mvua hatukuiona kwa miezi mitano. Ndani ya udongo huo kulikuwa na harufu ya mafuta ya nyonyo yaliyokaa muda mrefu.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya kunong'ona, ya mwanamke. Nikapumua. Dorkasi huyu, nikajiambia. Amenifuata. Mdomo wake haujatosheka kule mtoni, sasa amekuja kuchungulia.

"Nani analia humo?"

Nikambana Kefa kifuani azime sauti. "Ni mtoto tu," nikajibu.

"Mtoto wa nani?"

Ndipo hapo, jamani. Ndipo hapo nilipokuwa na maneno mawili tu ya kusema. Mume wangu. Si zaidi ya hayo. Lakini nikawaona wale wanawake na vibuyu vyao, nikasikia kicheko chao kesho asubuhi. Ningependa kuwaambia nilikuwa namlinda Kefa, nilikuwa natunza kiapo. Uongo. Nilijifikiria mimi.

"Wa wageni," nikasema. "Si wangu."

"Si wako?"

"Si wangu, nimesema! Na nimechoka naye. Nenda zako!"



Kefa aliacha kulia. Nilihisi moyo wake ukigonga kwenye mkono wangu.

"Basi nipe."

Sikufungua mlango. Naapa mbele ya Mungu, sikuinuka pale nilipokaa. Lakini fundo la begani kwangu likaanza kulegea lenyewe. Ngozi ikavutwa polepole, kwa uangalifu, jinsi mwanamke anavyompokea mtoto aliyelala ili asimwamshe. Nikajaribu kuishika. Ikateleza. Kilio kikaanza tena, ila sasa hakikutoka kifuani kwangu, kilitoka juu kidogo ya kichwa changu. Kikapita mbele ya uso wangu. Kikafika mlangoni.

Kikatoka.

Nje mtu akaanza kubembeleza. Aliimba wimbo uleule. Mimi nilijua kipande, yeye aliujua wote. Sauti ikazunguka zizi, ikashuka upande wa makaburi, ikapotea.

Nilimtazama mwanamume aliyekuwa ameniegemea. Alikuwa amelala, mzito, anakoroma.

Asubuhi niliitafuta ngozi kila mahali, sikuiona. Kefa aliamka akanisalimu akinitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu atoke kwenye reli. Jua likazama. Nilikaa nyuma ya vihenge na bakuli la uji, nikangoja. Hakuja. Alikuwa nje na wanaume, anakula ugali na mlenda, anazungumza habari za malisho. Kesho yake hivyohivyo. Amepona, nikajiambia. Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake niliumwaga uji ule nikakaa gizani.

Siku ya tatu nikamvaa Dorkasi. "Kwa nini ulikuja kunichungulia?"

"Mimi? Lini?"

"Jioni ile ya mtoni."

"We, Zipora! Jioni ile mtungi wangu ulipasuka, nikabaki mtoni mpaka giza namsubiri Loisi aniazime wake. Muulize." Akanitazama vibaya. "Kwani kulikuwa na nini cha kuchungulia?"

Nikasingizia kuni, nikaenda kwenye kaburi la mama mkwe. Nchi nzima ilikuwa imekauka, ardhi imepasuka, ila udongo wa kaburi lile ulikuwa mbichi, umetifuliwa upande wa miguuni. Harufu ya nyonyo ilinipata nikiwa bado hatua kumi. Na nilisikia kitu chini pale... au nilidhani nimesikia. Sikuinama kuhakikisha. Nilikimbia, kuni zenyewe nikaziacha.

Kefa alikuwa na afya, lakini kulikuwa na kitu kimetoka kwake. Ndugu yake Bartolomayo alikuja kututembelea, akawa anasimulia walivyokuwa wadogo, walivyoiba asali wakaumwa na nyuki mpaka wakajirusha bwawani. Watu wakacheka wakashika mbavu. Kefa alisikiliza kwa adabu.

"Huyo mwingine alikuwa nani?" akauliza.

"Wewe, bwana!" Bartolomayo akasema. "Acha mzaha."

Hakuwa na mzaha. Baadaye nilimuuliza taratibu, yule mama yako unamkumbuka? Akasema anajua kwamba alikuwa na mama. Hakukumbuka sura, wala sauti, wala siku hata moja kabla ya kutiwa jandoni. Pale palikuwa patupu.

Nilimwambia ni kazi ya reli imemchosha kichwa. Uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Mvua zilikuja, zikaisha. Jioni moja nilikuwa napepeta uwele, nikamwona anaingia chumba cha ndani. Nikamfuata. Alikuwa amekaa pale nyuma ya vihenge, magoti kifuani, macho makavu. Alikuwa akijaribu. Alitia kidole gumba mdomoni, akakitoa, akakitazama kana kwamba si chake.

"Zipora."

"Abee."

"Yule uliyekuwa naye hapa jioni. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifiche." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Nilikuwa nakusikia. Kila jioni nilikusikia kwa mbali, kama tulivyowasikia watu wakichimba juu yetu kule kwenye kifusi. Ukiimba nilikuwa najua nitatolewa."

Sikuweza kumtazama.

"Na jioni ile nilikusikia," akasema. "Yule wa mlangoni alikuuliza swali dogo sana."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nisamehe, baba, niliona aibu, niliogopa watu, nilidhani ni Dorkasi. Maneno yalinitoka mengi, hayana mpangilio. Laiti angenipiga. Laiti angenitukana, nikalia vizuri. Yeye alisubiri nimalize, akaniinua kwa mkono, akanipangusa vumbi magotini, akatoka kwenda kukaa na wenzake.

Niliishi naye miaka ishirini na miwili baada ya hapo. Hakunirudisha kwetu, wala hakuoa mke mwingine. Lakini hakuniomba kitu tena maishani mwake. Hata ugonjwa wa mwisho ulipomshika, akitetemeka kitandani na mimi nimekaa pale pembeni, blanketi alijifunika mwenyewe.