Thelathini na Saba Ukutani

Ephraim aliweka ishirini na sita. Alikuwa na hakika, kwa sababu tangu mazishi kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari: saa nne asubuhi, nyuzi 26, mtoto gramu 1,900. Aliporudi chumbani na maziwa ya mwanawe Ghati, kioo cha themostati, kile kidhibiti joto cha hita, ukutani kilionyesha 37.

Alidhani kidole kimeteleza kwenye simu. Akarudisha 26, akaandika.

Kifaa kilikuwa hakijamaliza wiki. Kilitoka Mwanza kwa basi, naye akakipokea stendi ya Bunda. Mkewe, Jenoveva, alikuwa amefariki akimzaa Ghati kabla ya miezi kutimia, na muuguzi alikuwa amempa Ephraim njia rahisi: "Mwalimu, vua shati, mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi. Hata baba ana joto." Ephraim aliitikia kwa kichwa, kisha akaagiza hita na kifaa chake. Kifua kile kilikuwa hakijaweza kubeba kitu.

Fundi Kulwa, wa Bunda, alivuta waya wa moto na nyutro hadi ukutani, ili kifaa kisizime kila hita inapopumzika. Ikabaki ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini kupitia nondo. Butiama, pale kwa Ephraim, chini ni mwamba. Nondo ya shaba iligonga jiwe mara tatu, ikaanza kupinda.

"Mwalimu, huku hata fisi hachimbi!" Kulwa alipaza sauti kutoka nje.

"Piga penye udongo laini," Ephraim alijibu bila kuinuka kitandani. "Popote."

Siku ya pili, 37 tena. Siku ya tatu joto lilikuja na harufu ya samli na sabuni ya mche, harufu ya shingo ya Jenoveva alipotoka kuoga. Ghati, ambaye hakuwa amenyamaza tangu atoke hospitali, alinyamaza. Ephraim alipaswa kushusha joto mara moja. Aliketi dakika nane akivuta ile harufu, na dakika hizo hakuziandika.

Yuliana, mama wa Jenoveva, alikuwa amekuja kutoka Suguti kusaidia kulea, akilala jiko la nje. Kwa desturi yao mama mkwe haingii chumba cha mkwewe. Walipokezana mtoto mlangoni, na maneno yalipita dirishani, kila mmoja akitazama pembeni.

Siku ya nne, saa kumi alasiri, Ephraim alikuwa uani akianua nepi.

"Baba Ghati," Yuliana alisema kwa sauti ya chini, "mtoto umemwachia nani?"

"Amelala peke yake, mama."

"Basi ni nani anamwimbia?"

Ephraim alisikiliza. Mwanzoni aliona ni hita tu inanguruma, lakini hita haipandi na kushuka, wala haisiti katikati kuvuta pumzi, wala haijui ule mguno usio na maneno ambao Jenoveva alikuwa akilitolea tumbo lake kila jioni alipopepeta mtama, na Ephraim alipofika mlangoni nepi zikiwa bado mkononi alimkuta mwanawe amelala kiubavu, mwekundu, nywele zimelowa, mdomo ukinyonya hewa, na shavu lake dogo limebonyea kana kwamba limeegemea kitu.

Alimnyakua, akamkabidhi Yuliana mlangoni, akazima meni swichi, umeme wa nyumba nzima. Friji ikanyamaza. Kioo ukutani kikabaki kinawaka: 37.

Akampigia Kulwa, simu akaiweka spika.

"Kata waya wa moto," Kulwa alisema. Akakata. "Nyutro nayo." Akakata. Ulibaki waya mmoja tu, wa ethi, wa kijani na njano. Aliugusa kwa testa, na taa ya testa ikawaka.

"Haiwezekani, Mwalimu. Ethi hailetagi umeme. Inapelekaga tu."

"Nondo uliipiga wapi, Kulwa?"

"Si ulisema penye udongo laini? Niliipiga pale pembeni ya kaburi la mama Ghati. Kwingine kote ni jiwe." Kisha, kwa kunong'ona: "Hilo ni jini, Mwalimu. Mimi hapo sirudi."

Yuliana alikuwa amesikia yote. "Kaburi bichi halichomwi chuma," alisema. "Kamtoe nje huyo uliyemfungulia."

"Mama, labda ni yeye. Labda amekuja kumwona mtoto."

Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, Yuliana alimtazama usoni.

"Jenoveva nilimwosha mimi. Alikuwa baridi hadi kwenye nywele. Marehemu hana joto, baba. Kilichokuja na joto kimelitoa kwingine, na huyu mtoto kinampika. Chuma umekiingiza wewe, kitoe wewe."

Ephraim alikwenda kaburini. Aliishika nondo kwa mikono miwili, akavuta. Ilikuja taratibu, kama inayoshikwa kwa chini, na sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa na joto la kwapa. Yuliana, Ghati begani, alimimina maji baridi katika lile tundu, akataja jina la binti yake mara moja. Kisha akainama zaidi.

"Na wewe usiye na jina, hapa hakuna ulichozaa. Toka."

Ndani, kioo kilizima.

Jua lilipotua chumba kilikuwa kimepoa. Ghati alianza kulia, kilio chembamba, nyayo zake baridi. Nyaya zilining'inia ukutani zimekatwa, na hita ilikuwa chuma tu.

"Baba Ghati," Yuliana alisema kutoka dirishani, "kifua hicho unamwekea nani?"

Ephraim alivua shati. Akajilaza kiubavu, mgongo ukielekea ukuta, akamweka mtoto ngozi kwa ngozi. Alitetemeka yeye kabla ya mtoto. Kidogo kidogo nyayo zikapata uhai, kilio kikapungua, pumzi mbili zikaanza kwenda pamoja, na yeye akalia kwa mara ya kwanza tangu hospitali, bila sauti, asimwamshe. Nyayo za Yuliana zilisikika zikirudi jikoni.

Ndipo kitanda kilipobonyea nyuma yake. Polepole, kama mtu anayejisogeza asimshtue mwenzake, kifua kingine, chenye joto, kikaegemea mgongo wake.

Hakugeuka. Alimfunika Ghati kwa mikono yote miwili. Nyuzi alizijua bila kutazama ukutani.